Tom Thomson: Mchoraji aliyeifuata rangi ya misitu kwa kasia

ILIKUWA mwezi Agosti mwaka wa 1914, siku chache tu baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani na kwa tangazo hilo kuitumbukiza Kanada vitani. Wakati vijana wa nchi hiyo walipokuwa wakimiminika kujiandikisha jeshini, mwanamume mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa ametimiza miaka 37 mapema mwezi huo, aliupakia mtumbwi wake hema, blanketi, vyombo vya kupikia, ndoana na sanduku dogo la rangi. Kisha akashika kasia na kuianza safari ya peke yake kutoka Ghuba ya Georgian.

Njia aliyoichagua haikuwa ya mtu mvivu. Alipanda kaskazini akiambaa ufuo wa ghuba hiyo, akaingia mto French na kuupandisha kinyume cha mkondo hadi ziwa Nipissing, kisha akageukia kusini na kuufuata mto mwingine, nao pia kinyume cha mkondo, kuelekea hifadhi ya Algonquin katika jimbo la Ontario. Palipokuwa na maporomoko ya maji, ilimbidi kushuka, kuubeba mtumbwi mabegani na kuuvusha nchi kavu, kisha kurudi kuchukua mizigo iliyosalia.

Alipowasili Algonquin kunako katikati ya Septemba, majani ya kwanza yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Mwanamume huyo, Tom Thomson, wakati huo hakuwa na jina lolote kubwa. Alikuwa mchora herufi na mapambo ya matangazo aliyeiacha kazi ya mshahara ili kubahatisha maisha ya uchoraji. Alikuwa amebakiwa na chini ya miaka mitatu ya kuishi, na hakuna aliyelijua hilo.

Leo hii, Wakanada wengi wanamtambua Thomson kwa mambo mawili: picha zake za miti na maziwa, na kifo chake cha ajabu. Kwa bahati mbaya, hilo la pili limekuwa likilimeza la kwanza. Vitabu, filamu na mijadala isiyokwisha imeshughulika na namna alivyokufa kuliko namna alivyofanya kazi.

Thomas John Thomson alizaliwa Agosti 5, 1877, karibu na kijiji cha Claremont, Ontario, akiwa mtoto wa sita miongoni mwa watoto kumi wa John Thomson na mkewe Margaret. Alipokuwa angali mchanga, familia hiyo ilihamia shamba moja huko Leith, karibu na mji wa Owen Sound, kando ya Ghuba ya Georgian. Huko ndiko alikokulia akivua samaki, akitembea msituni na kuimba. Alicheza mandolini pia, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa dogo.

Afya yake utotoni haikuwa imara, na maradhi yalimfanya akose masomo kwa muda. Hata hivyo, kuna shule nyingine aliyoipata nje ya darasa. Jamaa wa familia yao, Dkt William Brodie, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa viumbe jijini Toronto, na kijana Thomson aliandamana naye kukusanya mimea na wadudu. Mtu aliyezoea kulitazama jani kwa jicho la mkusanyaji hawezi baadaye kulichora kama doa tu la kijani.

Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga. Mnamo 1899 aliingia katika kiwanda cha kuyeyusha chuma mjini Owen Sound kujifunza ufundi, lakini hakudumu hata mwaka. Vita vya Makaburu vilipozuka huko Afrika Kusini mwaka uo huo, jamaa zake walisimulia kwamba alijaribu kujiunga na jeshi na kukataliwa kwa sababu za kiafya. Akaenda chuo cha biashara mjini Chatham, kisha akamfuata kakake George hadi Seattle, Marekani, ambako George alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chuo kingine cha biashara.

Ni Seattle ambako mkono wake ulianza kupata kazi iliyoufaa. Aliajiriwa katika makampuni ya kuchonga na kuchora picha za kuchapishwa magazetini na kwenye matangazo. Baada ya miaka michache alirejea Kanada, na kufikia 1909 alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Grip jijini Toronto, iliyotengeneza matangazo, mabango na katalogi.

Grip ndiyo iliyomfinyanga, ingawa wanaopenda kumwona Thomson kama mtoto wa msitu aliyejifunza kwa miti husahau kuitaja. Msimamizi wa uchoraji pale alikuwa J.E.H. MacDonald, mchoraji na mshairi aliyewahimiza vijana wake watoke na rangi zao mwishoni mwa wiki. Ofisini humo walipitia pia Arthur Lismer, Fred Varley, Frank Johnston na Franklin Carmichael, majina ambayo leo yamo katika kila kitabu cha historia ya sanaa ya Kanada.

Hapo alijifunza mpangilio: jinsi ya kuujaza mraba mdogo kwa maumbo machache yenye nguvu, jinsi mstari mmoja mweusi unavyoweza kuishikilia picha nzima. Yeyote atakayeitazama misonobari yake iliyopinda mbele ya anga atauona mkono wa mchora matangazo ukifanya kazi.

Mwezi Mei 1912, akiwa na rafiki mmoja wa kazini, Thomson alifika Algonquin kwa mara ya kwanza. Baadaye mwaka huo alifanya safari ndefu zaidi ya kama miezi miwili kwa mtumbwi pamoja na mwenzake mwingine, William Broadhead, katika mito ya Spanish na Mississagi iliyoko kaskazini zaidi. Mtumbwi ulipinduka, na wakapoteza karibu picha zote walizopiga kwa kamera pamoja na michoro mingi. Alirudi Toronto mikono mitupu kwa kiasi kikubwa, lakini hakuacha tena kwenda.

Mwaka uliofuata, 1913, picha yake moja kubwa, Northern Lake, ilinunuliwa na serikali ya jimbo la Ontario kwa dola 250. Kwa mtu wa kazi ya ofisini, hizo zilikuwa fedha za kutikisa maamuzi.

Kisha akaja mfadhili. Dkt James MacCallum, daktari wa macho na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Toronto, alimpa yeye na mchoraji A.Y. Jackson ahadi sawa: angewalipia gharama za maisha kwa mwaka mmoja iwapo wangeacha kila kitu na kuchora. Jackson alikubali. Thomson, ambaye hakujiamini hata kidogo, alisitasita kabla ya kukubali. Akiwa na umri wa miaka 36, bila mke, bila nyumba na bila akiba ya maana, aliipa kisogo kazi iliyomlisha.

Januari 1914 walihamia jengo jipya la wachoraji lililojengwa kwa fedha za MacCallum na Lawren Harris, mchoraji aliyetoka katika familia ya matajiri. Thomson na Jackson walishiriki chumba kimoja. Jackson alikuwa amesomea Ufaransa na alijua mengi kuhusu rangi, ilhali Thomson aliujua msitu. Ikawa kubadilishana.

Msitu wa kazi

Ni vyema kueleza mahali penyewe, kwa maana neno nyika linaweza kumpotosha msomaji. Algonquin ilitengwa kuwa hifadhi mnamo 1893. Ni nchi ya miamba ya kale, misonobari na maziwa mengi yaliyounganishwa na vijito, yapata kilomita 250 kaskazini mwa Toronto. Leo eneo lake ni zaidi ya kilomita mraba 7,600.

Lakini Thomson alipofika, haikuwa nchi ambayo mguu wa binadamu haukuwahi kuikanyaga. Wakataji miti walikuwa wameshaivamia kwa miongo mingi wakiitafuta misonobari mikubwa. Reli ilipita katikati ya hifadhi. Mowat, kijiji alichofikia kando ya ziwa Canoe, kilikuwa mabaki ya kituo cha kupasua mbao cha kampuni iliyofilisika, na nyumba ya wageni aliyolala iliwahi kuwa bweni la wafanyakazi wa kampuni hiyo. Ufuoni kulikuwa na miti mikavu iliyouawa na maji ya mabwawa yaliyojengwa ili kuelea magogo.

Hata kabla ya hao, nchi hiyo ilikuwa ya Waalgonquin, na ndio waliompa hifadhi hiyo jina lake. Mtumbwi wenyewe ni ubunifu wa watu wa asili wa kaskazini, walioushona kwa magome ya miti. Aliotumia Thomson ulikuwa wa kiwandani, wa mbao nyepesi zilizofunikwa turubai, lakini umbo lake lilikuwa lile lile la wazee hao. Katika picha zake watu ni nadra mno, na wenye nchi hawaonekani. Hilo ni pengo ambalo wachambuzi wa miaka ya karibuni wamelinyoshea kidole, na ni haki yao.

Thomson mwenyewe hakuuficha uharibifu. Alichora mabwawa ya mbao, mifereji ya kuteremshia magogo na vilima vilivyoungua. Kilichompendeza ni kwamba mahali hapo palibadilika sura kila saa.

Na hakuna msimu ambapo pale hubadilika kwa kasi kama wakati wa majani kupukutika. Baadhi ya wafasiri huuita msimu huo vuli, ingawa hauna uhusiano wowote na mvua za vuli za Afrika Mashariki. Huanza mwishoni mwa Septemba. Ule mti ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada huwa wa kwanza kuwaka wekundu. Miti yenye magome meupe hufuata kwa manjano. Misonobari husalia na kijani chake kilichokolea, hivyo kwamba kilima kizima huonekana kama moto uliozungukwa na giza.

Haya yote huchukua majuma machache. Upepo mmoja wa usiku unaweza kuuvua mti majani yake yote, na mchoraji aliyelala hadi jua kuchomoza akaikuta picha yake imeanguka chini. Theluji ya kwanza yaweza kushuka Oktoba. Kufikia mwishoni mwa Novemba, maji ya pembeni huanza kuganda na mtumbwi huwa hauna kazi tena.

Msimu huo una neema yake pia. Nzi weusi na mbu ambao humtesa msafiri mwezi Mei na Juni huwa wametoweka. Wageni wa mjini huwa wamerudi makwao. Ziwa hutulia, na sauti ya kulungu wakubwa wa kaskazini wakiitana husikika kutoka ng'ambo ya maji. Lakini maji yenyewe huwa baridi kiasi kwamba mtu aliyepinduka mbali na ufuo, akiwa peke yake, ana dakika chache tu za kujiokoa.

Mwaka wa 1914, Jackson alimkuta Thomson huko, na baadaye wakajiunga nao Lismer na Varley pamoja na jamaa zao. Ilikuwa mara pekee ambapo wanne hao walichora pamoja katika hifadhi hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja Thomson alikasirishwa mno na kazi yake hata akalitupa sanduku lake la rangi kichakani, na baadaye likabidi litafutwe na kutengenezwa. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kipaji chake kilimiminika bila jasho.

Alipotoka hapo, rangi zake hazikuwa zile za awali. Kijivu na kahawia za mwanzo zilipisha nyekundu, zambarau na manjano yaliyopakwa nene bila woga.

Mkaa peke yake

Baada ya hapo marafiki walitawanyika. Jackson alijiunga na jeshi mwaka wa 1915 na kujeruhiwa vitani Ubelgiji mwaka uliofuata. Lismer alihamia Halifax mwaka wa 1916 kuongoza shule ya sanaa. Fedha zilikuwa haba na wanunuzi wachache. Kwa hivyo upweke wa Thomson, ambao umetungiwa ngano nyingi, ulikuwa nusu hiari na nusu lazima. Alipenda kuwa peke yake, naam, lakini vilevile hakukuwa na wa kufuatana naye.

Mnamo 1915 alinunua mtumbwi mpya aina ya Chestnut, uliotengenezwa Fredericton huko mashariki mwa Kanada, pamoja na hema la hariri, jepesi kwa kubebwa. Inasemekana aliupaka mtumbwi huo rangi ya kijivu kama ya njiwa, akichanganya humo bomba zima la rangi ya samawati ya bei ghali kutoka sanduku lake la uchoraji. Hiyo ni anasa pekee inayosimuliwa juu yake.

Namna yake ya kufanya kazi ilitegemea mtumbwi huo. Alikuwa na sanduku la mbao lililotosha kuwekwa mapajani. Kifuniko chake kilipofunguliwa kilishikilia kibao cha ukubwa wa kama sentimita 21 kwa 26, na kando yake kulikuwa na ubao wa kuchanganyia rangi. Kwa kuwa rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka, sanduku lilikuwa na mifuo ya kuvitenga vibao vibichi visigusane.

Alipoona kitu, pengine wingu linalokuja au mwanga wa mwisho juu ya kilima, alisogea ufuoni au akabaki kwenye mtumbwi, akafungua sanduku na kuchora kibao kizima papo hapo. Hakukuwa na kurudi kesho kurekebisha, maana kesho mti ungekuwa umebadilika. Mara nyingi aliuacha ubao wenyewe uonekane katikati ya mipako, kana kwamba hakuwa na muda wa kuufunika.

Hapa ndipo faida ya kusafiri pekee ilipojitokeza. Msafiri mwenye wenzake hulazimika kufika kambini kabla ya giza, kugawana kazi, kuwangoja waliochoka. Thomson aliweza kusimamisha safari nzima kwa ajili ya mti mmoja. Lakini gharama yake alilipa mwenyewe: kuni, maji, hema, chakula, na kila mzigo kati ya ziwa na ziwa vilikuwa juu ya mgongo wake. Alikuwa mvuvi hodari wa samaki aina ya trauti, na ustadi huo haukuwa mchezo tu, kwa kuwa ulipunguza unga na nyama ya chumvi aliyohitaji kununua na kubeba.

Katika kipindi cha miaka mitano hivi alichora vibao karibu 400 kwa jumla, na picha kubwa za turubai zipatazo 50. Vingi vya vibao hivyo vilikuwa vya misimu miwili: theluji inapoyeyuka na majani yanapopukutika.

Mnamo 1916 alipata kibarua cha askari wa kuzuia moto katika upande wa mashariki wa Algonquin, akiwa na mwenzake kwenye kituo cha Achray, kando ya ziwa Grand. Ilimbidi kuwafuata kwa mtumbwi wafanyakazi waliokuwa wakielea magogo katika mto Petawawa, wasije wakaacha moto nyuma yao. Katika barua kwa Dkt MacCallum mwezi Oktoba mwaka huo alilalamika kwamba alikuwa amechora kidogo sana, kwa sababu kazi hizo mbili hazikupatana.

Malalamiko hayo yana kinaya chake. Ni katika ziwa hilo la Grand ambako alikichora kibao cha msonobari mmoja uliosimama juu ya mwamba, nyuma yake maji na vilima wakati wa jioni. Kibao hicho ndicho kilichozaa The Jack Pine, picha ambayo hakuna mtoto wa shule Kanada asiyewahi kuiona.

Picha hiyo kubwa aliitengeneza majira ya baridi ya 1916 na 1917 jijini Toronto, si katika jengo la wachoraji bali katika kibanda cha zamani kilichokuwa nyuma yake. Alikuwa amehamia humo kwa kodi ya dola moja kwa mwezi. Humo alipika, akalala na kuchora, na usiku alivaa viatu vya kutembelea thelujini akazunguka katika bonde lililo jirani.

Alianza kwa kupaka turubai rangi nyekundu iliyokolea, kisha akachora juu yake, akiacha wekundu uchungulie katika matawi ya msonobari na kando ya vilima. Ndiyo maana mti huo huonekana kana kwamba una joto ndani yake, ingawa anga ni ya jioni ya baridi. Katika kibanda hicho hicho aliifanyia kazi The West Wind, nayo ikiwa ya msonobari uliopindwa na upepo.

Julai 8, 1917

Mapema Aprili 1917 alirejea ziwa Canoe. Alijipa kazi ya kuchora kibao kila siku kufuatisha jinsi msimu ulivyobadilika kutoka theluji hadi majani mabichi. Mwishoni mwa mwezi huo alichukua leseni ya kuwaongoza wageni, ili ajipatie riziki wakati wa kiangazi.

Jumapili ya Julai 8, majira ya mchana, aliondoka kwenye gati la Mowat kwa mtumbwi akiwa na vyakula na vifaa vya kuvulia samaki. Hakurudi. Mtumbwi ulionekana ukielea umepinduka. Siku nane baadaye, Julai 16, mwili wake uliibuka ziwani. Zilikuwa zimesalia siku 20 atimize miaka 40.

Daktari mmoja aliyekuwa likizoni huko, Goldwin Howland, aliukagua mwili na kuona alama ya jeraha kwenye paji upande wa kichwa. Askari wa hifadhi Mark Robinson alisimulia kwamba uzi wa kuvulia samaki ulikuwa umezungushwa kwenye kifundo cha mguu. Hali ya mwili haikuruhusu kungoja, na akazikwa siku iliyofuata katika makaburi madogo ya Mowat. Afisa wa kuchunguza vifo aliwasili baada ya mazishi, akasikiliza mashahidi usiku na kuamua kwamba ilikuwa ajali ya kuzama maji. Siku chache tu baadaye familia iliagiza mwili ufukuliwe, na Julai 21 akazikwa Leith.

Kasoro hizo ndizo zilizofungua mlango wa uvumi. Wengine walihoji vipi mtu hodari kama yeye angezama katika maji matulivu mchana kweupe. Wengine walidai aliuawa katika ugomvi, wengine kwamba alijiua, na wengine kwamba kaburi la Leith ni tupu. Mnamo 1956, kikundi cha watu walichimba mahali alipozikwa kwanza na kukuta mifupa yenye tundu kwenye fuvu. Uchunguzi wa serikali ulieleza kuwa ilikuwa mifupa ya mtu mwingine, mmoja wa watu wa asili. Wengi hawakuridhika, na kaburi la Leith halijafukuliwa kumaliza ubishi.

Baada ya zaidi ya karne moja, hakuna ushahidi mpya unaoweza kumtia mtu yeyote hatiani, na waliotuhumiwa wote ni marehemu wasioweza kujitetea. Ajali ndiyo hukumu iliyosimama rasmi. Wanaojua mitumbwi husema kwamba hata mzoefu huweza kuteleza anaposimama au anapokanyaga jiwe lenye maji. Jambo hilo dogo halivutii kama mauaji, na pengine ndiyo sababu husemwa kwa sauti ya chini.

Mwezi Septemba 1917, MacDonald na mchoraji mwenzao J.W. Beatty walikwenda ziwa Canoe na kujenga mnara wa mawe kwenye ncha ya ardhi inayotazama maji, mahali Thomson alipopenda kupiga kambi. Ulijengwa majani yakiwa yanaanza kugeuka. Miaka mitatu baadaye, marafiki zake saba, wakiwemo MacDonald, Jackson, Lismer, Varley na Harris, waliunda Kundi la Wachoraji Saba lililotawala sanaa ya Kanada kwa muda mrefu. Thomson hakuwahi kuwa mwanachama, ila bila vibao vyake vigumu kuona wangeanzia wapi.

Jumba la Kitaifa la Sanaa la Kanada liliinunua The Jack Pine mwaka wa 1918. Kibanda chake baadaye kilihamishwa hadi Kleinburg, nje ya Toronto, ambako kimehifadhiwa katika jumba la McMichael. Mnamo Novemba 2009, kibao chake kimoja kidogo, Early Spring, Canoe Lake, kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.7 za Kanada.

Vibao vyenyewe vilikutwa vimerundikana, vingi bila jina wala tarehe, kwa sababu Thomson hakuona haja ya kutia sahihi kitu alichokichukulia kama maandalizi tu ya kazi. Ili visipotee wala kuigizwa, MacDonald alibuni muhuri wenye herufi mbili za mwanzo za majina yake na mwaka wa 1917, na muhuri huo ukagongwa kwenye vibao vilivyosalia. Kwa hiyo vingi vilivyochorwa katika misimu ya 1914, 1915 na 1916, kwenye maziwa tofauti na kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka kwa baridi, vimebeba tarehe moja ile ile, ya mwaka ambao mchoraji wao hakufikia kuona majani yakipukutika.